Kabla ya Kuwanyang'anya Watoto Vidonge

Februari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuunda tume ya kuchunguza afya ya watoto wa Marekani, na tangu hapo suala la dawa za akili kwa watoto limetoka kliniki na kuingia kwenye siasa. Mwenyekiti wa tume hiyo ni Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr., ambaye mwezi uliotangulia, alipohojiwa na maseneta, alisema anawafahamu watu, wakiwemo ndugu zake, waliotaabika kuacha dawa za sonona kuliko wanaotaabika kuacha heroini. Ripoti ya kwanza ya tume ilitoka Mei 22. Septemba ukafuata mkakati ulioahidi kikosi kazi cha kupitia jinsi madaktari wanavyowaandikia watoto dawa za sonona, dawa za saikosisi (hali ya mtu kupoteza mguso na uhalisia), dawa za kutuliza mabadiliko makali ya hisia na vichangamshi vinavyotumika kutibu ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kumakinika. Vipande vya video vya waziri huyo vimeshafika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na maelezo yanayoambatana navyo hayatofautiani sana: Wazungu wanawalisha watoto wao vidonge, sisi tumshukuru Mungu.

Nakubaliana na tume kwamba lipo jambo la kutia wasiwasi. Ninachokikataa ni kipimo chake. Wingi wa dawa zinazoandikwa hautuambii kama watoto wanatibiwa kupita kiasi au wanatibiwa pungufu, kwa kuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo yumo mtoto aliyepewa kidonge kwa sababu hapakuwa na kingine cha kumpa, na yumo mwenzake ambaye kidonge kimemrudisha darasani. Nje ya hesabu kabisa yuko wa tatu, anayeugua bila kuonwa na mtu yeyote. Kwa maoni yangu, hatari iliyokua Marekani ni dawa kutolewa peke yake: bila tiba ya mazungumzo, bila ufuatiliaji wa maana, na mara nyingi na daktari ambaye si bingwa wa akili za watoto. Sera itakayopunguza vidonge huku ikiliacha pengo hilo wazi itawaumiza wale wale inaodai kuwatetea.

Tuanze na namba zenyewe. Ripoti ya Mei ilisema dawa za sonona kwa vijana ziliongezeka mara 14 kati ya 1987 na 2014, dawa za saikosisi kwa watoto zikapanda kwa asilimia 800 kati ya 1993 na 2009, na vichangamshi vya ADHD kwa asilimia 250 kati ya 2006 na 2016. Zinatisha, lakini angalia miaka iliyochaguliwa. Prozac, dawa iliyofungua mlango wa kizazi kipya cha dawa za sonona, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa Desemba 1987. Ukianza kuhesabu mwaka huo unaanzia karibu na sifuri, na chochote kinachoanzia hapo kitapanda mara nyingi. Hesabu ya dawa za saikosisi nayo inaishia 2009, wakati ambapo matumizi yake kwa watoto yalikuwa yamefika kileleni na kuanza kushuka baada ya majimbo kubana masharti. Msomaji haambiwi kwamba mteremko ulifuata. Kisha, wiki moja baada ya ripoti kutoka, waandishi wa habari wa NOTUS walibaini kwamba baadhi ya tafiti zilizotajwa kama ushahidi hazikuwahi kuwepo, zikiwemo zilizohusu matangazo ya dawa za akili kwa watoto. Serikali ikasema ni makosa ya uandishi. Ajabu ni kwamba tume haikuwa na haja ya ushahidi wa kubuni, kwa sababu ushahidi halisi upo na una uzito wake.

Timu ya Kao-Ping Chua wa Chuo Kikuu cha Michigan ilichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa dawa za sonona zilizochukuliwa kwenye maduka ya dawa na Wamarekani wa miaka 12 hadi 25. Kati ya Januari 2016 na Desemba 2022 kiwango cha kila mwezi kilipanda kwa asilimia 66.3. Lililonishtua zaidi ni kilichotokea baada ya Machi 2020: kwa wasichana wa miaka 12 hadi 17 kasi ya ongezeko ilizidi kasi ya awali kwa asilimia 129.6, ilhali kwa wavulana wa umri huo hakukuwa na mruko kama huo, matumizi yao yalishuka. Upande wa ADHD, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto milioni 7.1 wenye miaka 3 hadi 17, yaani asilimia 11.4, wamewahi kuambiwa wana hali hiyo. Kati ya waliokuwa nayo wakati huo, zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanatumia dawa. Karibu theluthi moja hawakuwa wanapata tiba yoyote mahususi ya ADHD, si dawa wala mafunzo ya tabia. Takwimu hii ya mwisho hutaisikia kwenye video za WhatsApp, nayo ndiyo inayovuruga hadithi nyepesi ya taifa linalomlisha kila mtoto kidonge.

Wanaoshuku wana sababu nzuri za kushuku, na historia iko upande wao. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliojulikana kama Study 329, uliodai kwamba dawa iitwayo paroxetine inafaa na ni salama kwa vijana wenye sonona. Mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia upya data zile zile na kukuta kwamba dawa haikuishinda tembe isiyo na kitu ndani, na madhara yake, yakiwemo mawazo ya kujiua, yalikuwa yamefifishwa. Kampuni iliyoitengeneza, GlaxoSmithKline, ilikubali mwaka 2012 kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashtaka ya serikali ya Marekani, na miongoni mwa makosa ilikuwa kuitangaza dawa hiyo kwa wenye umri chini ya miaka 18 bila kibali. Mwaka uliofuata Johnson & Johnson ililipa zaidi ya dola bilioni 2.2 katika kesi zilizohusu, pamoja na mengine, kuinadi risperidone, dawa ya saikosisi, kwa watoto. Na ni mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe iliyoamuru mwaka 2004 kwamba dawa zote za sonona ziwekwe onyo ndani ya mstatili mweusi, baada ya kujumlisha majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400: mawazo au vitendo vya kujiua vilionekana kwa asilimia 4 ya waliopewa dawa na asilimia 2 ya waliopewa tembe tupu. Hakuna aliyefariki kwa kujiua katika majaribio hayo, lakini mara mbili ni mara mbili. Mzazi anayesita mbele ya daktari hana ujinga wowote.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu una uzito kuliko kesi za makampuni, kwa sababu hauhusu hila za mtu yeyote. Katika majimbo mengi ya Marekani mtoto huandikishwa shule kama ametimiza miaka mitano kufikia Septemba 1. Aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti anaingia akiwa mdogo kuliko wote, na aliyezaliwa siku chache baadaye, Septemba, anasubiri mwaka mzima na kuingia akiwa mkubwa kuliko wote. Watafiti wa Harvard walilinganisha makundi haya mawili mwaka 2018 na kukuta watoto wa Agosti wana uwezekano wa asilimia 34 zaidi wa kuambiwa wana ADHD: 85.1 kwa kila 10,000 dhidi ya 63.6. Katika majimbo yasiyo na mpaka huo wa tarehe, tofauti hiyo haikuonekana. Hakuna ugonjwa wa ubongo unaosoma kalenda ya shule. Mtoto wa miaka mitano amelinganishwa na wa miaka sita, utoto wake ukaandikwa kama dalili, na baadhi yao wakaanzishiwa vichangamshi.

Halafu wako watoto wasio na mzazi wa kuwasemea. Mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitazama kumbukumbu za mwaka 2008 katika majimbo matano, Florida, Massachusetts, Michigan, Oregon na Texas, na kukuta watoto walio katika malezi ya kambo waliandikiwa dawa za akili mara 2.7 hadi 4.5 kuliko watoto wengine waliokuwa chini ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini. Wapo waliopewa dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja. Wapo waliokuwa hawajatimiza hata mwaka. Mtoto aliyetolewa kwao kwa sababu ya kipigo au njaa, akahamishwa nyumba tatu, bila shaka atapiga kelele usiku na kurusha viti darasani. Angehitaji mtu mmoja wa kukaa naye miaka kadhaa, na mtu wa namna hiyo ana gharama kubwa. Risperidone ni rahisi.

Kwa hiyo yule anayesema ongezeko lote linatokana na uelewa mzuri zaidi, kwamba zamani watoto waliteseka kimya na sasa wanatambuliwa, anasema nusu tu ya jambo. Uelewa umeongezeka kweli, na nafurahi kwamba msichana wa miaka 14 leo anaweza kusema hana hamu ya kuishi bila kupigwa kofi. Lakini uelewa peke yake haumfanyi mtoto wa Agosti awe mgonjwa kuliko wa Septemba, wala hauwafanyi watoto wa malezi ya kambo wameze dawa tano.

Hoja dhaifu kuliko zote, hata hivyo, inatoka upande wa waziri. Ameeleza mara kadhaa kwamba inafaa kuchunguzwa kama dawa za sonona zinachangia mauaji ya halaiki mashuleni. Kuchunguza si dhambi. Lakini dawa hizi zinatumika kwa wingi Iceland, Ureno, Uingereza na Australia, tena Iceland imekuwa ikiongoza kwa matumizi miongoni mwa nchi tajiri, na hatusikii wanafunzi wake wakiwamiminia wenzao risasi. Marekani inatofautiana na nchi hizo kwa bunduki, na kila mtu anajua hivyo, akiwemo waziri. Ubaya wa hoja hii ni kwamba inamgeuza mtoto mwenye sonona kuwa mtuhumiwa, na mzazi ambaye binti yake ameanza kupata nafuu anaikatisha dozi ghafla kwa hofu. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira na kurudi kwa ugonjwa wenyewe. Dawa hizi hupunguzwa taratibu, daktari akiwa anajua.

Na dawa zenyewe, zinasaidia au hazisaidii? Jibu la kweli halifai kwenye video ya dakika moja. Jaribio kubwa la vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona, lililochapishwa mwaka 2004, liliwagawa katika makundi manne. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu walikuwa asilimia 71 ya waliopewa fluoxetine (jina la kitaalamu la Prozac) pamoja na tiba ya mazungumzo, asilimia 60.6 ya waliopewa fluoxetine peke yake, asilimia 43.2 ya waliopata mazungumzo peke yake, na asilimia 34.8 ya waliopewa tembe tupu. Kwa ADHD, utafiti wa mwaka 1999 uliofuatilia watoto 579 ulionyesha wazi ubora wa dawa kwa miezi 14 ya kwanza; kufika mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefutika. Ukizisoma tafiti hizi mbili pamoja unapata picha ya dawa inayompa mtoto nafasi ya kupumua. Atakachojifunza ndani ya nafasi hiyo kinategemea mtu aliye kando yake.

Mtu huyo ndiye asiyepatikana. Uchambuzi mmoja wa kitaifa ulikuta kwamba mwaka 2016 asilimia 70 ya wilaya za Marekani hazikuwa na daktari bingwa hata mmoja wa magonjwa ya akili ya watoto. Kazi ikawaangukia madaktari wa kawaida wa watoto, wenye dakika chache kwa kila mgonjwa, na bima inayolipia kidonge bila maswali lakini inayobishana juu ya wiki 12 za mazungumzo. Oktoba 2021 vyama vya madaktari wa watoto na vya mabingwa wa akili za watoto vilitangaza kwa pamoja hali ya dharura ya kitaifa. Mwaka huo huo asilimia 57 ya wasichana wa sekondari walisema wamekaa na huzuni au kukata tamaa mfululizo kiasi cha kuacha shughuli zao za kawaida. Weka hayo kwenye mizani, kisha ujiulize daktari wa mji mdogo wa Nebraska angefanya nini msichana wa aina hiyo alipoletwa na mama yake Ijumaa jioni. Aliandika fluoxetine. Mimi ningekuwa yeye, ningeandika pia.

Jaribio la kupunguza dawa bila kuweka kitu mahali pake lilishafanyika, bila mtu kulipanga. Baada ya onyo la 2004, madaktari waliogopa, na dawa za sonona kwa vijana zikapungua. Matarajio yalikuwa kwamba tiba ya mazungumzo ingejaza nafasi. Watafiti waliofuatilia madai ya bima waliona jambo tofauti: hata utambuzi wa sonona wenyewe ulishuka, na tiba mbadala hazikuongezeka kwa kiwango cha kufidia. Wasomi wanaendelea kuvutana kama vitendo vya kujiua viliongezeka kwa sababu hiyo, na sitajifanya mwamuzi wa ubishi huo. Linalotosha kwa hoja yangu ni kwamba pengo halikujazwa. Kikosi kazi cha mwaka 2025 kinaweza kurudia yale yale kwa nguvu zaidi, maana safari hii onyo linatoka kwa waziri, tena waziri ambaye wizara yake imekuwa ikipunguza watumishi na fedha za afya ya akili.

Uingereza inaonyesha kwamba hata mwongozo mzuri hautoshi. Huko fluoxetine ndiyo dawa ya kwanza kwa watoto wenye sonona ya wastani au kali, na mwongozo unataka itolewe pamoja na tiba ya mazungumzo. Lakini foleni za huduma za akili kwa watoto ni ndefu, na mtoto anayesubiri miezi hasubiri akiwa amesimamishwa kama saa. Wakati huo huo, uchambuzi wa kumbukumbu za madaktari wa familia ulikuta dawa za saikosisi kwa watoto na vijana zilikaribia kuongezeka maradufu kati ya 2000 na 2019, kutoka asilimia 0.06 hadi 0.11. Bado ni wachache sana. Ila waliongezeka katika nchi isiyo na matangazo ya dawa kwenye televisheni na isiyo na bima za kibiashara zinazotawala tiba, jambo linalopaswa kuwanyamazisha kidogo wanaodhani tamaa ya makampuni inaeleza kila kitu.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani, na siku hizi ni wengi, hasa familia za Wakongo zilizopelekwa huko kama wakimbizi, suala hili si la kusoma gazetini. Jamaa yangu mmoja wa Ohio aliitwa shuleni akaambiwa mwanawe apimwe ADHD, akatoka akiamini kwamba akikataa dawa mtoto atafukuzwa. Sivyo. Sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inakataza shule kumlazimisha mtoto kutumia vichangamshi kama sharti la kuhudhuria masomo, kupimwa au kupata huduma. Mzazi anaweza kukubali kipimo na kukataa dawa, au kukubali dawa na kudai mafunzo ya tabia pia. Anaweza kuomba mkalimani. Na anapaswa kuuliza swali moja ambalo wengi hawaliulizi kwa sababu ya heshima kwa daktari: mwanangu amezaliwa mwezi gani ukilinganisha na wenzake wa darasani? Mtoto aliyetoka kambini, aliyeanza kusikia Kiingereza mwaka jana, ana sababu nyingi za kutotulia kwenye kiti kabla ya kufika kwenye ADHD.

Huku kwetu furaha ya "tumshukuru Mungu" imejengwa juu ya mchanga. Vijana wetu hawamezi vidonge vingi kwa sababu vidonge havipo na wa kuviandika hayupo, kwa hiyo uchache wake hauthibitishi kwamba wako salama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza methylphenidate, kichangamshi kikuu cha ADHD, kwenye orodha ya dawa muhimu, likisema ushahidi wa faida na madhara yake haujitoshelezi. Uamuzi huo unaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni hali ya mtoto wa Tandale au Kibera ambaye dawa yake ya utundu ni fimbo, na dawa ya huzuni yake ni kuambiwa aache uvivu. Kenya wamejaribu njia nyingine. Mpango wa Shamiri unawatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakifundishwa kwa muda mfupi, kuendesha vikao vinne vya kikundi mashuleni. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa kundi la kulinganisha lililofundishwa stadi za masomo. Haliponyi kila kitu, na mtoto mwenye saikosisi bado anahitaji Mathari au Muhimbili. Lakini linaonyesha kwamba yule mtu wa kukaa kando ya mtoto si lazima awe na shahada tatu, na kwamba Nebraska ingeweza kujifunza kitu kutoka Kiambu.

Kama kikosi kazi cha Washington kina nia ya kweli, kiache kwa muda jumla ya vidonge na kitazame takwimu ambazo mipango ya bima tayari inazikusanya kila mwaka. Ni watoto wangapi walioanzishiwa dawa ya ADHD walionana tena na mtoa huduma ndani ya siku 30? Ni wangapi walioanzishiwa dawa ya saikosisi walipewa kwanza tiba ya kisaikolojia? Vipimo hivyo viwili vipo, vina majina na fomula, na vinaweza kuchapishwa jimbo kwa jimbo, bima kwa bima, huku watoto wa malezi ya kambo wakiwekwa kwenye safu yao wenyewe. Bima itakayoonekana mkiani itozwe faini, na fedha hizo zilipie washauri wa shule katika wilaya zisizo na bingwa. Hatua hiyo haihitaji tume mpya wala tafiti za kubuni, na haitamnyang'anya msichana yeyote dawa anayoitegemea wiki hii.